Mara ya Mwisho Mlikula Pamoja Lini?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na familia za Waislamu wa Matisi, Kitale, katika matayarisho ya mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na dada zangu katika Imani. Nilipopewa nafasi hii wenzangu wa jumuiya walidhani nitazungumzia nguzo za saumu na mambo yanayofunguza. Hayo masheikh wetu wanayaeleza kila mwaka, tena kwa ufasaha kunishinda. Mimi nimechagua sufuria. Msicheke! Nataka tuzungumze juu ya mume na mke na chakula chao cha kila siku: nani anakipika, nani anakila, wanakilia wapi, na je, wanakila pamoja? Najua kuna mzee pale nyuma anajiuliza, huyu kijana hata kuoa hajaoa, atatuambia nini? Ni kweli mzee wangu, sijaoa. Lakini nimekula kwenye nyumba za watu waliooa kwa miaka ishirini na mbili, na macho Alhamdulillah ninayo.

Tuanze na Kitabu chenyewe. Ukifungua Suratul Baqara, maelezo ya saumu yanaanza aya ya 183 na kuishia aya ya 187. Hebu leo ukifika nyumbani ukaitazame hiyo ya 187. Mwenyezi Mungu anawahalalishia wanandoa mambo yao usiku wa saumu, kisha anaruhusu kula na kunywa mpaka alfajiri ipambanuke. Na humo humo, ndani ya aya hiyo hiyo, ndimo anamowafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja ni vazi la mwenzake. Maneno haya ya vazi wengi wetu tunayajua kwa sababu yanasomwa harusini na kuandikwa kwenye kadi za mwaliko. Lakini hayakuja kwenye habari ya harusi. Yamekuja kwenye habari ya saumu, baina ya futari na daku. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama yeye ni vazi la mwenzake, Ramadhan ndiyo mahali pa kujipimia, na kipimo kiko karibu sana. Kiko mezani, au mkekani kwa sisi tusio na meza.

Sasa njoo Matisi, saa kumi na mbili na nusu na ushei za jioni. Muadhini anakaribia kuita. Sebuleni mkeka umetandikwa, baba na watoto na pengine mgeni mmoja wawili wamekaa, tende mkononi, macho kwenye saa. Mama yuko wapi? Mama yuko jikoni, kile chumba cha mabati nyuma ya nyumba, anageuza bajia ya mwisho. Adhana inaingia. Sebuleni watu wanasema Bismillahi. Yeye anachota maji kwa kikombe kile kile anachopimia unga, anapiga mafunda mawili akiwa amesimama, anarudi kwenye karai. Akipeleka bajia, anaulizwa chai. Akileta chai, anaulizwa sukari. Wanaume wanatoka kwenda tarawehe, yeye anabaki na masufuria. Akimaliza, anainjika maharagwe ya daku. Saa kumi usiku ni yeye anayeamka kwanza. Na hapa kwetu karibu na ikweta saumu ni kama saa kumi na tatu na nusu mwaka mzima. Mwenzako anafunga saa hizo hizo ulizofunga wewe, ila yeye sehemu kubwa ya mchana wake ni mbele ya moto.

Na moto wenyewe si mchezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani, kutokana na kuni, makaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka, kwa hesabu ya 2020, na zaidi ya laki mbili kati ya hao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Fikiria jiko lisilo na dirisha, mama mwenye saumu, na mtoto mgongoni. Kama huwezi kununua meko ya gesi mwaka huu, toboa dirisha. Kutoboa bati hakuhitaji mkopo.

Wako watakaosema, lakini ndugu, si hiyo ndiyo kazi ya mke? Dini si imesema hivyo? Hapa nawaomba tulizeni roho kidogo, kwa sababu nilipoyasoma haya madrasa mara ya kwanza hata mimi nilidhani ustadhi anatania. Sisi wa Afrika Mashariki wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kinaeleza nafaka ya mke kwa vipimo: mume mwenye uwezo atoe vibaba viwili vya chakula kwa siku, mwenye shida atoe kimoja, wa kati atoe kimoja na nusu. Kisha kinaongeza kwamba kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kusaga na kuoka nako ni juu ya mume. Mmesikia? Kumbe Imam Nawawi kule Sham, karne ya 13, alishazungumzia pesa za posho! Bwana hawezi kubwaga debe la mahindi mlangoni akasema mimi nimemaliza. Na Imam huyo huyo, akieleza kisa cha Bibi Asmaa binti Abubakar, aliyekuwa akimhudumia farasi wa mumewe Zubeir na kubeba kokwa za tende kichwani kutoka mbali, alisema kazi kama hizo, pamoja na kupika na kufua, ni wema na hisani ya mke kwa mumewe, wala si wajibu anaoweza kulazimishwa.

Nisiwafiche upande wa pili. Wapo wanazuoni wakubwa, kama Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walioona kwamba mke anapaswa kumhudumia mume kwa kadiri ya desturi ya watu wa mahali pao. Kwa hiyo dada yangu usitoke hapa ukaenda kuzima jiko ukasema kijana wa chuo kikuu kasema. Sikusema hivyo. Ninachosema ni kwamba, kwa madhehebu tunayoyasomesha sisi wenyewe watoto wetu, ile sahani inayowekwa mbele yako kila jioni ni zawadi. Na mtu akipewa zawadi hasemi, "Mbona chumvi imezidi?"

Kuna kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar na mtu aliyekwenda kumshtakia mkewe, mnakijua. Mimi sikukiona popote na isnadi yake, kwa hiyo nakiacha. Tunayo yaliyo sahihi ya kututosha. Abu Hurayra anasimulia katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula hata siku moja: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Siku moja aliomba kitoweo nyumbani akaambiwa hakuna ila siki, akaitaka hiyo hiyo siki, akaila na kuisifu. Siki, ndugu zangu! Na sisi tukiwekewa ugali na mrenda siku ya tatu mfululizo, nyumba nzima inajua kwamba baba amekasirika.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Anasimulia pia, na hii iko katika Sahihi Muslim, kwamba alikuwa akinywa kisha anampa Mtume chombo, naye Mtume anaweka mdomo wake pale pale alipoweka yeye. Na mfupa wa nyama vivyo hivyo, yeye anaguguna, kisha Mtume anauchukua na kula pale alipoachia. Tena hayo yalikuwa siku ambazo Bibi Aisha yuko katika hedhi, na wako watu wa zama hizo waliokuwa hawali na mwanamke katika siku zake.

Huo mfupa unanikumbusha firigisi. Vijana wa pwani hamtaelewa, lakini hapa Trans Nzoia na Bungoma hakuna asiyejua kesi ya firigisi, au imondo kama tunavyoiita wengi wetu. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama akisahau, au mtoto akiidokoa, pana kikao cha wazee. Bibi zetu wa Kiluhya walikatazwa hata kumla huyo kuku wanayemfuga na kumpika wenyewe, mayai pia. Wengi wetu hapa ni watoto wa waliosilimu au wajukuu zao. Tumeacha pombe, tumeacha kuapa kwa mizimu, lakini firigisi bado tumeikumbatia. Mimi siichukii mila, mila zetu nyingi ni nzuri na ukarimu wetu kwa mgeni unajulikana. Ila linganisha tu: Mtume wa Mwenyezi Mungu anakula mfupa mmoja na mkewe, na wewe unahesabu firigisi. Usiku wa leo ukiletewa, ikate mara mbili. Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata tonge unalomtilia mkeo kinywani lina malipo mbele ya Mwenyezi Mungu. Tonge la firigisi nalo linahesabiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Kuna mume na mke hapa hapa tunapoishi, wameniruhusu niyaseme bila ya majina. Mume ni fundi wa ujenzi, mke anauza nguo za mitumba. Watoto watatu. Mwaka juzi walifika kwa imamu wakitaka kuachana. Mke alisema: huyu mwanaume hali kwangu. Nikimpikia anamega tonge tatu, ananawa, anasema ameshiba. Ana mwanamke mwingine anayempikia, na mimi siwezi kupika chakula cha kutupwa. Mume alikaa kimya. Kimya chake kikaonekana kuwa ndiyo jibu.

Imamu hakuuliza habari za huyo mwanamke. Aliuliza swali moja: mara ya mwisho mlikula pamoja lini, sahani moja, nyinyi wawili? Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka. Mume akirudi usiku anakuta chakula kimefunikwa, anakula peke yake mbele ya taa. Mke ameshakula na watoto, au hajala kabisa. Siku za Jumapili mume analetewa sebuleni, mke anakula jikoni na watoto. Imamu akawaambia nendeni, kwa siku kumi mle sahani moja kila usiku, hata ikiwa saa nne, na mtakalosema mlisemee hapo. Siku ya kumi na moja mkitaka talaka, njooni.

Ukweli ulitoka siku ya nne. Mke alimwona mumewe anamega kidogo kidogo kama kawaida, akamuuliza, hiki chakula tunakula wote, sasa unamwachia nani? Mume akasema: wewe na watoto. Kumbe alikuwa anaona sufuria ilivyo ndogo. Kazi za mjengo zilikuwa zimepungua, analeta unga kilo moja badala ya mbili, na aibu imemjaa. Kwa hiyo akawa anakula tonge tatu na kusema ameshiba, ili kibaki cha asubuhi. Mchana anakunywa chai na mandazi moja kwa mama wa kibandani. Huyo ndiye mwanamke mwenyewe aliyekuwa akimpikia! Na mke naye, kwa upande wake, alikuwa anapika kidogo makusudi, kwa kuwa aliona chakula kinabaki.

Subhanallah. Kila mmoja alikuwa anamhurumia mwenzake kwa siri, na siri hiyo nusura ivunje nyumba.

Nilipokisikia kisa hiki nilimkumbuka Abu Talha na mkewe. Mgeni wa Mtume (S.A.W.) alikuwa na njaa, na nyumba zote za Mtume hazikuwa na kitu ila maji. Mtu katika Ansari akamchukua nyumbani, na katika mapokezi ya Muslim ametajwa kuwa ni Abu Talha. Nyumbani kulikuwa na chakula cha watoto tu. Mume na mke wakakubaliana: watoto walazwe, taa izimwe, na wao wawili wajifanye wanakula gizani ili mgeni ashibe. Asubuhi Mtume (S.A.W.) akawapa habari kwamba Mwenyezi Mungu amependezwa na walichokifanya usiku ule, na ikateremka aya ya 9 ya Suratul Hashr juu ya wanaowapendelea wengine ijapokuwa wao wenyewe ni wahitaji. Sasa tazama tofauti. Fundi wetu pia alijifanya ameshiba. Naye pia alimpendelea mwingine. Lakini Abu Talha alipanga na mkewe, na yule fundi alipanga peke yake. Nia ni ile ile, ila wa kwanza alikuwa na mwenzake gizani, wa pili alikuwa gizani peke yake.

Hao jamaa bado wako pamoja. Nisiwapambe, hawakugeuka malaika, na mwezi uliopita niliwasikia wakibishana kuhusu makaa mpaka jirani akatoa kichwa. Lakini wanabishana wakiwa wamekaa kwenye sahani moja.

Tatizo la sufuria ndogo lipo, tusilifunike. Watu wa nje wanadhani Kitale hakuna njaa. Tunaitwa ghala la Kenya. Mbegu chotara ya kwanza ya mahindi ya Kenya iliyoenea kwa wakulima, ile H611, ilitolewa kwenye kituo cha utafiti hapa Kitale mwaka 1964, na Kenya Seed Company ilianzia hapa mwaka 1956. Sawa. Lakini Matisi wengi wetu tuna ploti ya kujenga tu, hatuna shamba, unga tunanunua kwa gorogoro kama watu wa Nairobi. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Na wenye shamba kidogo nao wana mtihani wao: Ramadhan za miaka hii zinaangukia Februari na Machi, kiangazi, wakati ambapo mboga zimekauka, na magunia yaliyobaki yanatakiwa yauzwe ili zinunuliwe mbegu na mbolea za kupanda mvua ikianza. Hapo ndipo mume anapouza gunia bila kumwambia mke, na mke anagundua akienda kuchota mahindi ya kusaga. Ndugu yangu, mahindi hayo hata ukiyauza kwa haki, yauze mkiwa mmekaa. Mhesabu pamoja: tunahitaji debe ngapi mpaka mavuno, tunaweza kuuza ngapi. Siku thelathini za kula pamoja ni vikao thelathini vya hesabu, bila hata kuitisha mkutano.

Halafu kuna hizi futari za kuigiza. Nawapenda ndugu zetu wa Mombasa na Lamu, na muhogo wa nazi nikiupata siuachi. Lakini nazi inasafiri zaidi ya kilomita 800 kufika Kitale, na bei yake inasafiri nayo. Nimeona kijana ameoa binti wa Kibukusu, hodari wa ugali wa wimbi, wa saga na managu, wa maziwa lala, halafu anamnunia Ramadhan nzima kwa sababu hajui kaimati! Huko ni kumdhulumu. Futari ya kwetu ipo: nduma, viazi vitamu, uji wa wimbi uliochachushwa vizuri, maharagwe. Anas bin Malik anatusimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, zisipokuwepo basi tende kavu, zisipokuwepo basi mafunda ya maji. Katika yote matatu hakuna hata moja linalokaangwa. Maana yake, kwa wakati ule wa adhana, hakuna sababu yoyote ya mtu kuwa mbele ya karai.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kila nyumba ni dogo. Dakika kumi kabla ya adhana jiko liachwe, sufuria ziepuliwe, na kila mtu, pamoja na aliyekuwa akipika, akae mkekani. Mfuturu wote kwa tende na maji, mwombe dua, kwani dua ya mwenye saumu ni jambo la kutumainiwa sana. Mswali Maghrib. Chakula kizito kimaliziwe baada ya hapo, na hapo baba na vijana wa kiume waingie jikoni. Mimi sielewi jambo moja: ndugu zetu wa hostelini wanapika kwa miaka minne, ugali unaiva, chapati zinakunjika, wanaalikana mpaka vyumba vinajaa. Wakishaoa tu mikono inapooza. Ni ugonjwa gani huu unaoletwa na nikahi?

Kwa upande wa daku, wapo wanaotumia kikapu. Loweka maharagwe mchana kutwa, yachemshe vizuri nusu saa baada ya tarawehe, kisha sufuria na mfuniko wake itie ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au mto wa sufi, funika kabisa, lala. Saa kumi usiku unayakuta yameiva na bado moto. Makaa yamepona na mtu amelala saa mbili zaidi. Na kuamka kwenyewe mpeane zamu, leo mimi kesho wewe. Daku ina baraka, Mtume (S.A.W.) ametuambia, na baraka hiyo hakuna aliyesema ni ya mmoja apike na mwingine aamshwe.

Tena kuna Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud: masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba wanakula lakini hawashibi. Akawauliza kama pengine wanakula mbalimbali. Wakasema ndiyo. Akawaagiza wakusanyike kwenye chakula chao na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, watabarikiwa. Kula mbalimbali si haramu, Suratun Nur aya ya 61 inaruhusu yote mawili, na wenye kazi za zamu hospitalini au kwenye malori wanalazimika. Mwenye udhuru ana udhuru. Lakini yule ambaye yuko nyumbani, mkewe yuko hatua tano, na kila mmoja yuko na sahani yake na simu yake, udhuru wake ni upi?

Baada ya mada waliuliza maswali. Yote siwezi kuyaandika, gazeti lina nafasi ndogo, nachukua matatu.

Dada mmoja aliuliza: nikiwa nimefunga, naweza kuonja chumvi? Jibu: kwa anayehitaji, kama mpishi, hakuna ubaya kuonja kwa ncha ya ulimi kisha kutema, asimeze. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba hakuona ubaya mwenye saumu kuonja chakula. Asiye na haja aache. Na nikaongeza kwamba mume anayejua kuwa mkewe amepika bila kuonja, na chumvi ikapungua, chumvi iko kwenye kopo, anyooshe mkono.

Mama mmoja aliuliza: kazi hii yote ninaifanya, na mume wangu haisaidii, je nimekosa thawabu? Mama yangu, Bibi Fatma (R.A.), binti wa Mtume, mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia. Akaenda kwa babake kuomba mtumishi, asimkute. Mtume (S.A.W.) akamfuata usiku, yeye na Sayyidna Ali wameshalala, akaketi baina yao, akawafundisha kabla ya kulala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34, kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Angalia, hakumwambia acha kulalamika. Alikuja usiku ule ule. Na aliwafundisha wote wawili, mke na mume. Thawabu yako haipotei, na mumeo pia ameambiwa, kama yuko hapa.

Wa tatu alikuwa kijana mwenzangu, ameoa juzi tu. Akasema: ustadhi, mama yangu si Muislamu, anakuja kututembelea kutoka Webuye, akinikuta nimeshika mwiko atawaambia watu nyumbani kwamba nimekaliwa chapati. Ukumbi mzima ukacheka, hata imamu. Nikamwambia: mama akifika, mkaribishe, mkalishe wewe na mkeo, mpikie wewe mwenyewe kuku, na firigisi mpe yeye. Bibi zetu hawakupewa kuku. Tuone mama ataenda kuwaambia nini watu wa Webuye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.